Baba katoka alfajiri hajarudi: mitandao itatusaidia kumpata?

SWALI: Shikamoo mama. Sisi tunaishi Mbagala. Baba yetu ana miaka 73 na ana tatizo la kusahau, hospitali walishatuambia. Jumanne alfajiri alitoka kwenda msikitini, hakufika na hajarudi. Leo ni siku ya tatu. Tumerusha picha yake kwenye makundi yote ya WhatsApp, Facebook na Instagram, na watu wanasambaza sana. Simu zinapigwa mpaka usiku wa manane lakini hakuna ya kweli, na mmoja ametula shilingi elfu themanini. Kaka anataka tutangaze dau la milioni moja. Shemeji yetu aliyeko Muscat anasema tuingie TikTok mubashara. Je, hii mitandao inasaidia kweli au tunajichosha? Baba zamani alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, tulikaa Manzese kabla ya kuhamia huku. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni nyumba nzima. Sehemu kubwa ya haya nilikwambia kwa simu siku ileile barua yako iliponifikia. Nayaandika hapa kwa ruhusa yako, maana barua za namna hii zinaongezeka na si kila mtu ananipata hewani.

Naanza na sentensi yako ya mwisho. Umeitupia pale kama nyongeza, kumbe ndiyo iliyobeba barua nzima. Mtoto aliyepotea hajui aendako. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anajua kabisa, ila anakokwenda ni mahali pa miaka thelathini au arobaini iliyopita: nyumba walimozaliwa watoto wake, shamba la wazazi, kazini. Muulizeni mama, enzi za kiwandani baba aliingia zamu gani? Kama ni ya asubuhi, basi huenda Jumanne hakuwa anakwenda msikitini hata kidogo. Alikuwa anawahi kazini.

Kutoka Mbagala anaweza kupanda daladala ya Kariakoo au ya Simu 2000, stendi ya upande wa Ubungo, bila mtu yeyote kumshtukia. Kanzu safi, salamu anajibu, nauli ipo mfukoni. Taabu inaanza akishuka. Ubungo anayoijua yeye haipo tena: stendi ya mabasi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis mwaka 2021, na pale kwenye makutano yamesimama madaraja ya kupishana juu kwa juu. Hapo ndipo anapoanza kuzunguka. Wengi wao hawaombi msaada, na hata wakiitwa jina hawaitiki. Hutembea mpaka njia iwagomee, kisha hukaa walipo: barazani kwa mtu, nyuma ya kibanda cha chipsi, ndani ya pagala. Kwa hiyo hata kabla ya kuposti tena, watu wawili wa familia waende Manzese, wauzunguke ukuta wa Urafiki na mitaa ya nyuma yake, wakiwa na picha iliyochapishwa kwenye karatasi. Picha ya kuonyesha kwenye simu haitoshi. Karatasi unamwachia muuza maji aibandike. Simu huwezi kumwachia.

Sasa swali lenyewe. Mitandao inasaidia, tena sana, ila si kwa namna mnavyoitumia. Ninyi mnahesabu waliosambaza. Mimi nauliza: konda gani wa Mbagala–Simu 2000 ameiona? Mama ntilie gani wa Tip Top, pale Manzese? Mlinzi gani wa usiku? Picha ya baba kufika Mwanza, Muscat na Toronto inawapa ndugu faraja, na faraja si kitu kidogo siku kama hizi, lakini mtu wa Toronto hawezi kumkuta kibarazani kwake. Watu wanaoweza kumwona baba yako ni wachache, wako kwenye njia moja, na wengi wao hawamo kabisa kwenye makundi mliyoyatumia.

Kisa kinachonionyesha jambo hili vizuri kuliko vyote ni cha China. Li Jingwei aliibwa mwaka 1989 akiwa na miaka 4, akauzwa kwa familia ya mkoa wa mbali. Akakua hajui jina la kijiji chao wala la wazazi wake. Desemba 2021, mtu mzima mwenye watoto wake, alichora kwa mkono ramani ya kijiji alichokuwa bado anakiona kichwani, akaiweka Douyin, yaani TikTok ya kule kwao. Ndani ya mchoro mlikuwa na nyumba, bwawa, msitu wa mianzi, shule. Kwa mamilioni ya waliouangalia ulikuwa mchoro wa mtu mwenye huzuni, basi. Polisi walipoufuatilia, ukalingana na kijiji kimoja cha Zhaotong, mkoani Yunnan, na kisa cha mwanamke aliyewahi kupotelewa na mtoto pale. Vipimo vya vinasaba vikathibitisha. Januari 1, 2022 alimkumbatia mama yake. Wingi wa watazamaji ulisaidia, sikatai, lakini kilichofungua mlango ni bwawa na mianzi: vitu ambavyo mgeni havimwambii kitu na mwenyeji hawezi kuvikosea.

Tangazo lenu nimeliona. Picha ni ya harusini, baba kavaa suti na miwani myeusi, na ninyi wenyewe mnajua kwamba hajavaa suti miaka mingi. Maneno yanasema “Jamani tusaidiane, baba yetu amepotea jana maeneo ya Mbagala”. Namba ni nne, na nilipozijaribu mbili hazikupatikana.

Tuanze na hilo “jana”. Ujumbe wa jana ukishaingia WhatsApp hubaki jana daima. Nimewahi kupokea tangazo la mtoto “aliyepotea jana” ambaye alikwisha rudi kwao na kuanza sekondari. Andikeni siku, tarehe, mwezi na mwaka. Tena saa: si “asubuhi”, ni “saa kumi na moja alfajiri”. Mtu aliyekuwa barabarani saa ile atajiuliza alikuwa wapi na alimwona nani, asiyekuwepo hatawasumbua. Mwaka 2021 kule Marekani, msichana mmoja alipotangazwa kupotea safarini, familia iliyokuwa ikisafiri njia ileile ilirudi kuangalia video zao wenyewe za siku iliyotajwa, wakaliona gari lake limeegeshwa kando ya msitu wa Wyoming. Wangeambiwa tu “mwezi uliopita”, wasingejua waangalie video ipi.

Jambo la pili, watu hawasambazi tangazo zima. Mmoja anaihifadhi picha, anaiweka stetasi, na maneno yaliyokuwa chini yake yanabaki kule alikoitoa. Kwa hiyo kila kitu kiandikwe juu ya picha yenyewe, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwenye simu ndogo. Na picha ziwe mbili kando kwa kando: uso wa karibu, wa hivi karibuni, hata kama hajapendeza, na mwili mzima, akiwa amevaa vile anavyovaa kila siku. Dar es Salaam ina wazee wengi wa kanzu nyeupe. Kinachomtofautisha baba yenu ni jinsi anavyotembea mkono mmoja uko mgongoni, kama ulivyonieleza kwa simu. Hilo ndilo la kuandika.

La tatu ni mtindo wa “sambaza kadiri uwezavyo”. WhatsApp yenyewe imeuwekea breki. Tangu Januari 2019 huwezi kuusukuma ujumbe mmoja kwenye soga zaidi ya tano kwa mkupuo, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha pita mikono mingi unakwenda kwenye soga moja tu kwa wakati mmoja. Tena unakuja na ile mishale miwili, na watu wengi siku hizi wakiiona mishale wanapita, wanajua ni za kupita pita. Ukiuandika wewe mwenyewe upya, kwa kundi ulilolichagua, na sentensi moja ya kwanza inayowahusu wao, unasomwa. “Wazee wa Urafiki, asalaam alaykum, huyu ni mwenzenu wa idara ya ufumaji” ina nguvu kuliko kupita kwenye makundi mia ya harusi na vikoba. Makundi ninayoyataka mimi ni haya: madereva na makonda wa njia zinazotoka Mbagala, vijiwe vya bodaboda vya Manzese na Ubungo, ulinzi shirikishi wa mitaa ile, misikiti ya pande zote mbili, wastaafu wa kiwanda. Hamna namba zao? Nendeni kijiweni, muulize nani anasimamia kundi, mwombeni aliweke yeye. Likiwekwa na mtu wao, linaaminiwa.

Kwa kuwa kalamu iko mkononi, nawaandikia mfano. Jazeni penye mabano (RB ni namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi):

ANATAFUTWA. Mzee (jina kamili), wengi humwita (jina la mtaani, na lile la kazini zamani). Miaka 73. Alitoka nyumbani Mbagala (mtaa) Jumanne, (tarehe, mwezi, mwaka), saa kumi na moja alfajiri, kavaa kanzu nyeupe na kofia ya kijivu. Hutembea mkono wa kushoto ukiwa mgongoni. ANA UGONJWA WA KUSAHAU. SI MWIZI, SI MLEVI. Anaweza kuwa anaelekea Urafiki au Manzese. Ukimwona, msalimie taratibu, mkalishe, mpe maji, piga (namba moja) palepale. Kituo cha polisi (jina), RB namba (…). Kujua kama bado anatafutwa, piga namba hiyohiyo.

Maneno “si mwizi” msiyafute kwa aibu. Nimekaa kwenye ustawi wa jamii muda wa kutosha kujua kinachoweza kumpata mzee anayekutwa alfajiri kwenye ua usio wake, anasukuma mlango na kusema hapa ni kwangu. Mmoja akipiga kelele za mwizi, mtaa mzima unatoka. Na sehemu nyingine hawatasema mwizi, watasema mchawi kaanguka na ungo. Hapo tangazo halimtafuti tu baba yenu, linamlinda. Kama kijana mmoja tu kwenye lile kundi ameliona jana yake na akasema “ngojeni kwanza, huyu ni yule mzee”, mitandao imekwisha fanya kazi yake yote.

Na kwa sababu hiyohiyo nawakataza lile neno nililoliona kwa mmoja wa ndugu zenu, “inasemekana ametekwa”. Nani anasema? India mwaka 2018 ilipitia jambo baya kwa maneno kama hayo. Ilisambaa video ya mtu wa pikipiki akimnyakua mtoto barabarani. Video ile ilitengenezwa Karachi, Pakistan, kuwafundisha watu kuwalinda watoto, na mwishoni mtoto anarudishwa na maelezo yanaonyeshwa. Mtu akakata mwisho. Wanakijiji wakaanza kumwona kila mgeni kuwa mwizi wa watoto. Zaidi ya watu 20 waliuawa mwaka ule, wakiwemo 5 kwa siku moja, Julai 1, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra. Hata ile breki ya WhatsApp niliyoitaja ilianzia kule, kwa sababu ya vifo vile. Andikeni mnachokijua. Mnajua katoka nyumbani na hajarudi.

(Mtu aliyechukuliwa na watu wasiojulikana mbele ya mashahidi ni habari nyingine kabisa. Pale wakili na mahakama vinatangulia, na kelele za mitandaoni zina kazi tofauti. Sitalichanganya hapa.)

Nije kwenye simu. Namba iwe moja, na isiwe ya mama. Isiwe pia ile ambayo ukoo mzima unaijua, maana itashikwa na watu wa pole kutwa nzima, na huyo mlinzi wa Tip Top mwenye vocha ya shilingi mia tano atajaribu mara moja, atakuta inatumika, atalala. Nunueni laini mpya kwa ajili ya kazi hii tu. Za pole ziende kwa shangazi. Laini hiyo ishikwe na watu wawili kwa zamu, mchana na usiku, na isizimwe.

Pembeni ya simu kuwe na daftari. Saa, namba iliyopiga, kasema nini, kamwona wapi, lini, nani ametumwa kwenda kuangalia, akakuta nini. Nimeona familia zikienda Kigamboni mara mbili kwa taarifa ileile kwa sababu kaka hakujua dada alishakwenda, wakati simu iliyosema Mburahati haikufuatiliwa na mtu kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake kaishughulikia. Baada ya siku mbili mtalifungua lile daftari mtaona kitu ambacho simu mojamoja haionyeshi: watu watatu wasiofahamiana wametaja barabara moja. Huko ndiko kwa kwenda.

Sasa huyo aliyewala elfu themanini. Nadhani alisema anaye baba yenu, yuko naye njiani, gari limeharibika au mzee anahitaji dawa, tumeni na ya kutolea. Ndiyo? Wana mtindo mmoja. Wanalisoma tangazo, wanawarudishia maneno yenu wenyewe kama ushahidi: kavaa kanzu, kofia ya kijivu, mkono mgongoni. Dawa yake ni kubakiza kitu. Chagueni alama moja ambayo haitaandikwa popote, wala kwenye kundi la familia, kwa sababu kundi la familia nalo linavuja. Labda ni kovu, labda ni jino, labda ni wimbo anaoupenda kuuimba. Anayepiga aulizwe kwa upole, “Hebu tusaidie, mkono wake wa kulia una nini?” Msimdokeze. Aliye naye kweli ataangalia na kujibu, au atasema hakuna kitu. Mwambieni apige simu ya video, au ampe mzee simu mwongee naye. Mwenye baba yenu hatakasirika. Tapeli atakasirika haraka sana, na atawaambia muda unakwisha.

Hela haitumwi. Hata ya nauli, hata kidogo. Kama mzee yuko Chalinze, semeni “mpeleke kituo cha polisi kilicho karibu, tunakuja sasa hivi na tutakurudishia gharama zako mkononi”. Namba ya tapeli ipelekeni polisi pamoja na RB yenu, na ule ujumbe wake mwutume kwenda 15040.

Kaka yako aliache hilo dau la milioni. Namwelewa, mwanamume anataka kufanya kitu. Lakini tangazo lenye kiasi cha fedha linawaita wanaotafuta fedha, na simu za kweli zinazama kati ya zao. “Atakayetusaidia tutamshukuru” inatosha.

Na shemeji wa Muscat, mwambieni asante, tena asante ya dhati, ila mubashara hapana. Mwanzoni mwa 2023, Nicola Bulley alipopotea kando ya mto Wyre huko Lancashire, Uingereza, watu wa TikTok walimiminika kijijini kufanya upelelezi wao, wanapiga picha nyumba za wenyeji na kuwatuhumu watu waliokuwa wamefiwa bado hawajajijua. Polisi walilazimika kutoa amri za kuwaondoa. Mwili ulikutwa baadaye mtoni humohumo, na mahakama ya uchunguzi wa vifo ikasema ilikuwa ajali. Mubashara inahitaji watu waendelee kutazama, na ili waendelee kutazama lazima kuwe na jipya kila saa. Ninyi hamna jipya la kila saa. Mtaishia kubahatisha mbele ya watu elfu. Kama shemeji anataka kazi, kazi ipo: awe ndiye anayetunza lile chapisho moja la Facebook ambalo mengine yote yanaelekeza kwake. WhatsApp ukituma umetuma, una dakika 15 tu za kurekebisha. Chapisho la Facebook unalibadilisha wakati wowote: leo unaongeza alikoonekana, kesho unaandika AMEPATIKANA juu kabisa, na aliyelisambaza juzi linabadilika mkononi mwake. Hilo mtu anaweza kulifanya akiwa Muscat, tena usiku ninyi mkiwa mmelala.

Kuna mahali mitandao haifiki kabisa, na huko nataka mtu aende kwa miguu. Mgonjwa asiyejulikana aliyeokotwa barabarani hana simu ya kumwonyesha muuguzi tangazo lenu, na muuguzi wa zamu hana muda wa Instagram. Nendeni Temeke, Amana, Mwananyamala, Muhimbili na pale MOI, taasisi ya mifupa, mapokezi na wodini, muulize wagonjwa walioletwa bila majina tangu Jumanne. Msiulize kwa jina, maana hakuandikishwa kwa jina. Na mochwari pia. Apelekwe mwenye moyo mgumu, si mtoto wa mwisho, na asiende peke yake. Hospitali mlizokwenda Jumanne rudini tena Alhamisi, kwa sababu mtu anaweza kuokotwa siku ya tatu.

Polisi mmekwenda? Barua yako haisemi. Yale maneno ya “subirini saa 24” msiyapokee kwa mgonjwa wa kusahau wala kwa mtoto. Semeni mapema kaunta kwamba ni mgonjwa, onyesheni cheti cha hospitali, mwombe RB. Ile namba ya RB ndiyo inayolipa tangazo lenu uzito. Kituo kingine kikimwokota, kitajua pa kupiga. Serikali ya mtaa ya Mbagala na ya Manzese nazo zipewe karatasi. Kisha redio. Wazee wenzake, walinzi, madereva, wale ambao simu zao ni za tochi, wote wanasikiliza redio, na tangazo la sekunde chache asubuhi linafika barazani ambako Facebook haijawahi kufika.

Kwa watoto sitakaa sana, kwa vile si swali lako. Tanzania na Kenya namba ya bure ni 116. Kenya wana Missing Child Kenya, iliyoanzishwa na Maryana Munyendo, na kinachonivutia kwao ni nidhamu ya matangazo: sura moja, namba moja, na mtoto akipatikana wanasema kapatikana. Mtoto uliyemwokota wewe usimposti “nani anamjua mtoto huyu” kabla ya kumfikisha polisi au ustawi wa jamii, kwa sababu anayekuja kumchukua mbio mbio si lazima awe mzazi.

Hilo linanipeleka kwa wasomaji wengine, ninyi mnaosambaza kila kinachoingia. Si kila anayetafutwa anataka kupatikana. Nimeletewa picha ya mwanamke na mtoto mgongoni, “mke wangu ametoroka, mwenye kumwona anipigie”, nikapiga kituo kilichotajwa, hapakuwa na RB yoyote. Unajua amekimbia nini? Mimi sijui, na aliyesambaza hajui. Msalaba Mwekundu walilitafakari hili vizuri walipoanzisha Trace the Face mwaka 2013 kwa ajili ya wahamiaji waliopotezana na ndugu zao njiani kwenda Ulaya. Pale haiwekwi picha ya anayetafutwa. Inawekwa ya anayetafuta: uso wangu, na maneno “namtafuta kaka yangu”. Kaka akiniona na akitaka, atajitokeza. Akiwa amejificha, siri yake imebaki kwake. Kwa mzee wenu, ambaye hawezi kujitokeza mwenyewe, njia hiyo haifai. Kwa msichana wa miaka ishirini aliyeondoka na begi lake, ndiyo ningeanza nayo. Na kabla ya kusambaza la mtu yeyote, piga namba ya kituo, uliza RB. Haichukui dakika tano.

Kwenye tangazo lenu pia futeni ile picha ya kitambulisho cha taifa (NIDA) iliyobandikwa pembeni. Mtu hahitaji namba ya kitambulisho ili kumtambua mzee njiani, lakini tapeli anaihitaji. Kadi ya kliniki nayo itoke. “Ana ugonjwa wa kusahau” inatosha. Majina ya dawa zake ni mambo yake, na tangu 2022 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ingawa hata bila sheria heshima ya mzee ingetosha.

Akipatikana, inshallah, msimpige picha alivyo, mchafu na mdevu, kuwaonyesha watu kwamba mmempata. Andikeni AMEPATIKANA kwa herufi kubwa juu ya picha ileile ya tangazo, irudisheni kwenye kila kundi mlilolituma, na waambieni waliohifadhi wafute. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo hata kama anasema hajambo. Siku tatu bila dawa na maji ya kutosha kwa umri ule si mchezo. Na ile laini msiitupe. Atatoka tena, mwanangu, ugonjwa huu ndivyo ulivyo. Namba yake mwiandike kwa wino usiofutika ndani ya kola ya kila kanzu, mmoja wenu aamke naye alfajiri, na makonda wa pale kituoni wabaki na ile karatasi yenye picha yake, kwa sababu safari ijayo wao ndio watakaomwona wa kwanza.